Barua kwa swahiba anayetaka kuigeuza laptopu kuukuu iwe kompyuta ya garini

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na nyingine umfikishie shemeji, ambaye nadhani amefurahi kuona lile dude linatoka juu ya kabati. Barua yako nimeisoma hadi mwisho huku nikicheka. Ukurasa mzima umeeleza ukubwa wa skrini, ramani na nyimbo, kisha suala la umeme ukalimaliza kwa mstari mmoja: utanunua inveta, utachomeka chaja ya nyumbani, basi. Mimi naanzia hapo hapo ulipopita mbio. Kompyuta ya garini ni kazi ya umeme. Yaliyobaki ni mapambo.

Inveta inafanya kazi, sikatai. Lakini hebu ufuate umeme wenyewe unavyosafiri: betri ya gari inatoa volti 12, inveta inazipandisha hadi 220 au 230 za mkondo geu, kisha chaja inazishusha tena hadi 19 hivi na kuzirudisha kuwa mkondo mnyoofu. Ni kushika sikio la kulia kwa mkono wa kushoto uliozungushwa kisogoni. Kila hatua inakula umeme na kutoa joto, na hiyo feni ya inveta utaisikia safari nzima. Tafuta kigeuzi kinachopandisha volti moja kwa moja, 12 kwenda 19. Chaja za laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari ndivyo zilivyo ndani.

Geuza laptopu usome kibandiko chake. Nyingi za enzi hizo zinataka volti 18.5 hadi 20, na chaja zake ni za wati 65 au 90. Wati 65 ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea 5.4, weka na kinachopotea kwenye kigeuzi, hesabu ampea 6 au zaidi. Tundu la kuwashia sigara linaweza kubeba mzigo huo, ila plagi yake huchezacheza barabara ikiwa mbovu, na kompyuta haisamehe mtikisiko wa namna hiyo. Vuta waya wako mwenyewe kutoka kwenye betri, wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 10 uiweke pale pale karibu na betri. Wengi huiweka karibu na kompyuta wakidhani inailinda kompyuta. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika na kugusa bodi ya gari kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuwaka.

Halafu hizo volti 12 ni jina tu. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, ina 12.6. Injini ikinguruma, alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, inazipeleka 13.8 hadi 14.4. Na ule muda mfupi unaopiga staata, zinaporomoka hadi 9, pengine chini ya hapo. Kigeuzi cha bei rahisi kinakata hapo hapo, kompyuta inazima kabla injini haijashika. Vipo vinavyopokea kuanzia volti 6 hadi 30. Hivyo ndivyo vya kutafuta, hata kama vinauma mfukoni.

Najua utaniambia, si laptopu ina betri yake, itaivusha pale? Itaivusha. Lakini mimi ningeitoa. Gari lililofungwa madirisha juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Ya zamani kama hiyo yako ikianza kuvimba chini ya kiti, huna habari mpaka ibonyee kibodi. Ila jaribu kwanza nyumbani bila betri, maana baadhi ya laptopu zikikosa betri hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi.

Sasa kuzima, na hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibika. Utadhani rilei moja, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inatosha: mguu wa 86 kwenye waya wa ACC (ule unaopata umeme ukizungusha ufunguo), 85 kwenye hasi, 30 kwenye betri kupitia fyuzi, 87 kwenda kwenye kigeuzi. Ukizungusha ufunguo, umeme unapita. Sawa kabisa. Ukitoa ufunguo, umeme unakatika ghafla huku kompyuta ikiandika kwenye diski, na baada ya muda mfumo endeshi unagoma kuwaka. Unahitaji kigeuzi chenye saketi ya kuchelewesha: kinasikiliza ACC, ufunguo ukitoka kinaiambia kompyuta ijizime, kinasubiri, ndipo kinakata.

Kinaiambiaje? Kwa kubonyeza swichi ile ile unayoibonyeza wewe. Fungua kifuniko cha juu, chini ya kitufe cha kuwashia utakuta swichi ndogo kama punje ya mchele imelehemiwa kwenye saketi. Tafuta kwa mita miguu miwili ambayo ukibonyeza inaungana na ukiachia inaachana. Lehemu nyaya mbili nyembamba hapo, uzipeleke kwenye kigeuzi, na uzifunge kwa gundi ya moto zisikatike kwa mtikisiko. Mguso uwe wa nusu sekunde hivi. Ukiuacha sekunde nne au tano, laptopu inaelewa kwamba unaizima kwa nguvu, na umerudi kwenye tatizo lile lile.

Usiiache ilale tu badala ya kuizima. Ikilala inakula kama wati moja, ambayo kwa volti 12 ni takriban ampea-saa 2 kwa siku. Gari likikaa wiki mbili bila kuguswa, ni 28, na betri ya ampea-saa 45 haitakuwa na nguvu ya kuzungusha staata.

Diski ya kuzunguka itoe, weka SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hata ndogo. Kompyuta ikae chini ya kiti, feni isizibwe na zulia. Skrini usiitegemee ile ya laptopu, kuing'oa na kuitafutia saketi yake ni usumbufu usio na maana. Nunua ya kugusa ya inchi 7, yenye VGA, lile tundu la kuunganishia skrini ya nje, kwa sababu laptopu za zamani karibu zote zina tundu hilo. Isikae mbele ya mfuko wa hewa.

Kwa ramani peke yake, kusema kweli, simu inakutosha. Kinachonifanya nikuunge mkono ni kuzungumza na injini. Chini ya usukani kuna plagi ya OBD-II, ile mafundi wanayosomea hitilafu za injini, iliyolazimishwa kwenye magari mapya Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 kwa ya petroli. Chomeka kifaa cha ELM327 cha USB, kinachotafsiri kati ya gari na kompyuta, fungua programu ya terminali ya kukiandikia amri, andika 010C, yaani swali la kasi ya injini. Gari linajibu: 41 0C 0C 80. Mbili za mwanzo ni kukiri swali lako. Mbili za mwisho ndizo jibu, zimeandikwa kwa msingi wa 16, ambamo A hadi F ni 10 hadi 15: 0C ni 12, 80 ni 128. Zidisha 12 kwa 256, jumlisha 128, gawanya kwa 4. Mizunguko 800 kwa dakika, injini imetulia. Andika 0105, upate 41 05 7B. 7B ni 123, toa 40, maji ya injini yana nyuzi 83. Zipo programu za kuchora mishale mizuri ya saa, lakini anza hivi kwa mkono, utaona raha yake. Ukimaliza kuegesha, kichomoe, nacho kinanyonya betri.

Ukiunga sauti kwenye redio, huenda ukasikia mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Huo unatoka kwa alteneta, unaingia kwa sababu hasi ya kompyuta na hasi ya redio zimefungwa sehemu tofauti za bodi. Zifunge sehemu moja. Ukibaki, kuna kitransfoma kidogo cha kutenganisha sauti, kinaingia kwenye waya wa AUX, ule unaopeleka sauti redioni.

Kabla hujanunua chochote, niandikie kibandiko cha laptopu kinasemaje, volti na ampea, na kama kitufe cha kuwashia kiko kwenye saketi kuu au kwenye kipande chake peke yake. Na upime betri ya gari asubuhi kabla hujaliwasha. Ikiwa chini ya 12.4, anza na betri hiyo.

Wasalaam,
Swahiba wako