Usichague kampuni ya uwindaji kwa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Msomaji mmoja aliuliza katika gazeti hili jinsi mtu anayekwenda kuwinda kwa mara ya kwanza anavyoweza kuchagua kampuni ya kumwongoza, akajibiwa kwamba alinganishe bei na kutazama picha. Mimi nimefuata nyayo za wanyama kwa misimu kumi na tisa katika vitalu vya uwindaji vya Moyowosi na Ugalla, kabla Ugalla haijapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, na nimewaona wageni waliofika wakiwa wamechagua kwa njia hiyohiyo.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko kwa muda Minnesota, Marekani, alinitumia picha kwa simu. Anataka kwenda Alaska kuwinda karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, ambaye jina lake kwa masikio yetu ni kama mtu anakukaribisha mlangoni. "Mjomba, kampuni nimeshaipata," aliandika. "Tazama mwenyewe madume yao." Niliivuta picha ikawa kubwa. Dume lilikuwa zuri kweli: shingo nyeupe, pembe kavu zilizosuguliwa zikang'aa, na nyuma yake uoto mfupi uliogeuka mwekundu. Nilimwuliza safari ni lini, akajibu katikati ya Agosti. Nikamwambia kwamba dume la namna ile hatalikuta.

Haya nilifundishwa na mteja mmoja kutoka Kanada, ambaye katika siku ishirini na moja alizokaa nasi akimvizia nzohe, swala aishiye kwenye matete, juu ya ulingo wa kinamasini, kila usiku alikuwa akinisimulia pembeni ya moto habari za wanyama wa kwao. Karibuu, tofauti na palahala wetu, hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na hata majike huota pembe. Katikati ya Agosti pembe za madume bado zimefunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo, ambayo huanza kuchanika na kubanduka mwishoni mwa mwezi huo na kuingia Septemba, wakati shingo nayo inapogeuka nyeupe. Picha ile basi haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya wiki nyingine, na mpwa wangu alikuwa anauziwa mbuzi kwenye gunia. Wala hapaswi kukimbilia kuahirisha safari hadi Oktoba, kwa kuwa huo ni msimu wa kupandana na nyama ya dume kubwa hutoa harufu kali isiyoliwa kwa raha.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Bei aliyoifurahia ilikuwa ya msafirishaji, yaani mwenye ndege ndogo anayekushusha porini na kurudi kukuchukua, na ambaye kwa sheria za Alaska haruhusiwi kukuongoza katika kuwinda. Rafiki yake Mmarekani anaweza kuwinda karibuu kwa utaratibu huo bila kiongozi. Mpwa wangu, kwa kuwa anatembea na pasipoti ya Tanzania na makazi yake ya kudumu hayako Marekani, ni lazima afuatane na kiongozi mwenye leseni ya jimbo anapowinda mnyama yeyote mkubwa. Hakuna aliyemwuliza uraia wake kabla ya kumtajia malipo ya awali. Kampuni isiyokuuliza swali hilo sijui itakuuliza nini kingine.

Kisha tulihesabu siku. Tangazo lilisema siku tano, lakini huko sheria hairuhusu mtu aliyeshuka kwenye ndege ndogo kuwinda siku hiyohiyo. Hana budi kusubiri hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku ya pili. Siku ya mwisho nayo huliwa na kufungasha, na ukungu ukitanda ndege hairuki, kwa hiyo zilizobaki ni tatu. Nyama pia inahitaji muda, kwani inatakiwa itolewe porini, na pembe haziruhusiwi kuitangulia. Nani ataibeba, na kwa ndege ya nani? Hayo yote yanapaswa kuwamo katika mkataba wa maandishi.

Mtu aulize vilevile habari za kundi lenyewe, si sifa za kambi. Kundi la Mto George, upande wa Quebec na Labrador huko Kanada, lilikuwa na wanyama zaidi ya 700,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 2018 lilikuwa chini ya 10,000. Mwaka huohuo Quebec ikafunga uwindaji wa karibuu kwa wageni na wenyeji wawindao kwa burudani. Kundi la Aktiki ya Magharibi huko Alaska limeshuka kutoka 490,000 mwaka 2003 hadi takriban 152,000 mwaka 2023. Jina kubwa la kampuni huweza kudumu miaka mingi baada ya wanyama kupungua.

Nayasema haya nikikumbuka kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliyowahi kutuachisha kazi wafuata nyayo wote kwa kuwa tulidai mishahara ya miezi miwili. Msimu uliofuata ilimpokea mteja aliyeahidiwa nzohe, akakabidhiwa vijana ambao hawakujua njia za tembo zinazopita katikati ya matete. Alikaa wiki mbili akitazama maji. Katika kitabu alichotumiwa kabla ya safari, picha ya ukurasa wa kwanza ilikuwa yetu sisi tuliofukuzwa.

Ndiyo maana nimemshauri mpwa wangu asidai majina ya wateja waliofurahi tu, maana hao kila kampuni inao. Ameiandikia kampuni ile akiomba jina la kiongozi atakayekuwa naye kambini, namba ya leseni yake, na wateja wawili wa karibuni waliorudi nyumbani mikono mitupu. Leo ni siku ya kumi na mbili na hawajamjibu. Fedha bado anazo yeye.

Mfuata nyayo mstaafu,
Ipuli, Tabora