Kabla hujalilipia lile sanduku la santuri

Kampala

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Arua. Barua yako imenifikia, na habari ya sanduku la santuri la yule mzee imenifurahisha kweli. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: utazitambuaje santuri za chapa ya kwanza za miaka ya 1960, utazisafishaje, na kama ile gramafoni ya Marekani anayotaka kukuuzia pamoja nazo inafaa. Nitajibu yote, ila naanza na usiloliuliza, maana ndilo litakaloamua kama pesa yako imekwenda pazuri: hali ya mifereji, ile mistari myembamba inayozunguka santuri ambamo sindano hupita. Lebo na jalada hukuambia santuri ilitoka wapi na lini, lakini kinachoimba ni mfereji, na mfereji ukishaliwa na sindano mbovu haurudi.

Kwa hiyo mwombe mzee akuruhusu uzitoe nje kwenye jua la asubuhi. Shika santuri kwa ukingo, kati ya viganja viwili, kisha iinamishe taratibu mpaka mwanga uipitie ubavuni. Iliyo nzima hung'aa weusi mmoja, kama maji ya kisima. Iliyochakaa huwa na utando wa kijivu, hasa kwenye sehemu ambazo muziki unapaa na kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande. Ukiufuta kwa kitambaa hautoki, kwa sababu hilo si vumbi. Vinanda vingi vya santuri vya nyumbani vya wakati ule vilikandamiza sindano kwa gramu 5 na zaidi, na sindano zenyewe mara nyingi zilikuwa za yakuti, ambayo huisha baada ya makumi ya saa tu. Watu waliendelea kupiga na sindano iliyoisha, ikawa inakata kuta za mfereji kama patasi. Wimbo wa mwisho huumia zaidi kwa sababu za hesabu: santuri ya inchi 12 inazunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini sindano ikiwa ukingoni hupitiwa na kama sentimita 51 za mfereji kila sekunde, na ikifika karibu na lebo hupitiwa na 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ukipewa nafasi ya kusikiliza sehemu moja tu kabla ya kununua, sikiliza dakika ya mwisho ya upande wa kwanza.

Mkwaruzo upime kwa ukucha, polepole, ukivuka mifereji. Unaoonekana lakini ukucha haukwami mara nyingi hausikiki sana. Ukucha ukikwama, na sindano itaruka. Halafu tazama tundu la katikati ya lebo. Mtu anapotafuta tundu gizani, ncha ya chuma huchora vijistari vyembamba vyenye kung'aa kwenye karatasi, vikitambaa kutoka tunduni kama nyayo za mchwa. Vikiwa viwili au vitatu, santuri hiyo ilipigwa kwa nadra. Lebo iliyojaa vijistari kuizunguka tundu pande zote imepigwa usiku na mchana, hata kama jalada lake ni jipya kabisa.

Sasa chapa ya kwanza, yaani santuri zilizotoka kiwandani mara ya kwanza muziki ulipotolewa. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye jalada, maana huo ni mwaka wa muziki, na muziki huchapwa tena miaka mingi baadaye jalada likiwa lilelile. Soma ule ukanda laini kati ya mwisho wa mfereji na lebo. Pale kuna namba zilizochongwa au kugongwa kwenye plastiki yenyewe, na utahitaji tochi ya simu iliyolazwa ubavuni ili uzione.

Umesema ndani kuna albamu ya kwanza ya Beatles, ya Parlophone (nembo ya kampuni ya EMI), namba PMC 1202. Hiyo ni mono, yaani sauti moja kwa spika zote; stirio hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Ilitoka Uingereza Machi 1963, na chapa za mwanzo kabisa zilikuwa na lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu. Muda mfupi baadaye lebo ikawa nyeusi na njano. Kwenye ukanda laini utakuta XEX 421 upande mmoja na XEX 422 upande wa pili, na alama -1N mbele yake. Igeuze santuri mpaka namba hiyo ikae chini, pale ambapo uso wa saa una tarakimu 6. Tazama penye 9: utaona tarakimu, ndiyo namba ya sahani mama ya chuma, ile ambayo mihuri ya kubonyezea santuri hutolewa kwayo. Penye 3 kuna herufi moja au zaidi, ndiyo namba ya muhuri uliobonyeza plastiki, ila imeandikwa kwa neno la siri GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Kwa hiyo tarakimu 1 na herufi G ni mama wa kwanza na muhuri wa kwanza. Ukikuta RO, huo ni muhuri wa 25. Mimi sijawahi kuona njia nzuri kuliko hii ya kusoma umri wa santuri kwa macho, na inafanya kazi kwa santuri nyingi za EMI ya Uingereza za miaka hiyo.

Zile mbili za jazi za Blue Note, kampuni ya Marekani, zina alama tofauti. Tafuta kijialama kama sikio, ambacho kwa kweli ni P ya mwandiko wa mkono, alama ya kiwanda cha Plastylite. Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, na chapa zilizofuata hazina sikio hilo.

Hizo za kigeni zina wanunuzi duniani kote na zimechapishwa upya mara nyingi, atakayezitaka atazipata. Ungekuwa na pesa ya kununua nusu ya sanduku tu, ningekusihi uanze na zile ndogo za mizunguko 45: Equator Sound ya Nairobi, iliyowarekodi Daudi Kabaka, Fadhili William na Charles Sonko wa kwetu Uganda, na zile za Ngoma kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Hizo zilipigwa baani na harusini mpaka zikaisha, ndiyo maana iliyo nzima ni hazina. Na kama kuna albamu yoyote ya Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, yenye muziki wa Uganda, usiiache hata kama jalada limeliwa na mchwa. Aliwarekodi wanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1950 na 1952, na Lubiri, ndiyo ikulu hiyo, ilishambuliwa Mei 1966. Ngoma na amadinda (marimba za Buganda) za ikulu ile jinsi zilivyosikika kabla ya siku hiyo zimo humo.

Kuhusu mono na stirio, usidharau mono. Kwa pop ya Uingereza, mpaka kama mwaka 1968 mono ndiyo iliyochanganywa kwa uangalifu mkubwa, stirio ikafuata kwa haraka. Zaidi ya hayo, stirio nyingi za wakati ule ziliuawa na vinanda vya mono ambavyo sindano yake haikuweza kucheza juu na chini, ilikuwa inalima. Jihadhari pia na jalada la Marekani linalosema mono imegeuzwa stirio kwa elektroniki. Kampuni ya Capitol waliiita Duophonic. Ni mono iliyopasuliwa, besi upande mmoja na sauti nyembamba upande mwingine, ikasikika kama redio iliyo pangoni.

Ukiwa na santuri ya mono, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya. Muziki wa mono umechongwa kwa kwenda kushoto na kulia tu, kwa hiyo kila mtikisiko wa juu na chini ni uchafu na kelele, na kitufe hicho huufuta. Tofauti utaisikia papo hapo, kama mtu amezima kikaango. Sindano nayo ina ukubwa wake: mono za kale zilikusudiwa ncha ya maikroni 25, stirio ni kama 18. Ncha ndogo hukaa chini zaidi ndani ya mfereji, na wakati mwingine hugusa ukuta ambao sindano za zamani hazikuufikia, basi santuri uliyodhani imekufa ikaimba vizuri.

Kuosha. Usipige hata moja kabla ya kuiosha, kwa sababu vumbi jekundu la murram ni mchanga mkali, na sindano huuburuta ukutani. Changanya mililita 800 za maji yaliyotoneshwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili safi, na matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Maji ya bomba hayafai, yakikauka huacha chokaa mfereji mzima. Yaliyotoneshwa utayapata kwenye vituo vya mafuta yakiuzwa kama maji ya betri, lakini soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu ileile na katika chupa zinazofanana. Weka santuri juu ya taulo safi, funika lebo kwa mfuniko wa plastiki uliobana, mimina kama mililita 15, acha dakika mbili. Kisha sugua kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, raundi tano kwenda na tano kurudi, kamwe usikate katikati. Suuza mara mbili kwa maji yaliyotoneshwa matupu. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu santuri kwa kukwaruza, kumbe ni sabuni iliyokauka. Isimamishe kwenye kichanja cha sahani dakika arobaini, madirisha yakiwa yamefungwa.

Hapa kuna jambo moja ambalo nakuomba ulishike sana: santuri za mizunguko 78 usizitie alkoholi hata tone. Hizo si plastiki, ni sheleki, utomvu mgumu wa wadudu, na alkoholi huiyeyusha. Zina uzito mkononi na zikianguka huvunjika kama kigae. Usidhani 78 zote ni za kabla ya 1960, maana India waliendelea kuchapa 78 hadi katikati ya miaka hiyo, zikiwemo za Beatles. Ukikuta hiyo kwenye sanduku, iweke pembeni na uioshe kwa maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni tu. Na usiipige kwa sindano ya kawaida, inataka ncha ya maikroni kama 75.

Ukungu mweupe wa vitone, ule wa msimu wa mvua, utaoshwa kwa mchanganyiko huohuo, ila mfuko wa ndani wa karatasi uliouzaa utupe. Usibadilishe kwa mifuko ya PVC laini, inatoa mafuta yanayoacha wingu juu ya santuri. Zipange wima, zisiinamiane.

Sasa gramafoni. Sina furaha nayo. Muuzaji amekuambia kweli kwamba transfoma itapunguza umeme kutoka volti 240 hadi 120, lakini transfoma haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Marekani ni hezi 60, kwetu ni 50. Kama mota inafuata mizunguko ya umeme, na nyingi za zamani ziko hivyo, santuri ya 33⅓ itazunguka kama mara 27.8, na sauti ya mwimbaji itashuka zaidi ya nusutoni tatu. Ipime hukohuko kwa mzee: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, anza saa ya simu, hesabu raundi 100. Zikiisha kwa dakika 3 kamili iko sawa. Zikichukua dakika 3 na sekunde 36, ni mota ya hezi 60. Dawa yake, kama inaendeshwa kwa mkanda, ni puli ya motani yenye kipenyo kilichozidi ya sasa mara 1.2, na fundi wa Katwe, hapa Kampala, mwenye mashine ya kukereza anaweza kuichonga kwa shaba, lakini kosa dogo sana la kipenyo litasikika. Mpe vipimo vya kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo.

Ukishaipata ya kuaminika, sawazisha mkono unaobeba sindano mpaka uelee, weka kipimo kwenye 0, kisha zungusha mpaka uzito ulioandikwa na mtengenezaji wa katriji (kile kichwa chenye sindano), mara nyingi gramu 1.8 au 2. Hakiki kwa mizani ndogo ya masonara. Usipunguze ukidhani unaihurumia santuri; sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na huuvunja kuliko nzito kidogo. Waya za gramafoni zichomeke kwenye tundu la fono la amplifaya, lililowekwa kwa ajili ya gramafoni. Ukizichomeka penye CD utasikia sauti nyembamba isiyo na besi, kwa sababu besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga ili mfereji usipanuke, na tundu la fono ndilo linaloirudisha. Mvumo ukizidi, waya mwembamba wa arthi haujafungwa. Spika zisikae meza moja na gramafoni.

Kabla hujalipa, nipigie picha ya ukanda laini wa ile PMC 1202, pande zote mbili, na za lebo za 45 zote za Nairobi. Tochi ubavuni, simu isimame wima juu yake. Na ukishalipa, sanduku lisipande buti la basi mchana, jua la Arua litazipinda zote kabla hujafika nyumbani. Libebe mwenyewe jioni, likiwa limesimama.

Wako daima,
Rafiki yako wa Kampala