Usidanganywe na cc: pikipiki ya motokrosi kabla hujainunua

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Sahare alituletea gereji pikipiki ya motokrosi, ya mbio za vumbi na vilima, ya cc 125 (cc ni ujazo wa silinda), imepakiwa kwenye kirikuu. Nikakanyaga kiki, ikagoma kushuka. Tulipofungua hedi, ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi mirefu, kama umekwanguliwa kwa msumari, na ringi zimeng'ang'ania kwenye pistoni. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, oili uliweka?" Akasema, "Ipo fundi, nilimwaga mpya juzi." Kweli ilikuwepo, lakini ni ya giaboksi. Kwenye tangi kulikuwa na petroli tupu.

Kilichoniuma ni kwamba baba yake ni mvuvi, na kila akienda baharini huchanganya oili na petroli ya mashine ya boti. Mashine ile na pikipiki ya mwanawe ni ndugu: zote ni tustroku, injini ya mipigo miwili. Haina oili inayozunguka chini kulainisha pistoni na krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Kinacholainisha ni ile iliyochanganywa kwenye mafuta. Ukiisahau, imenoki.

Kosa la pili lilifanyika siku ya kununua. Aliambiwa cc 125 ni ndogo, ya kujifunzia, akailinganisha na bodaboda ya cc 125. Bodaboda hiyo ni fostroku, mipigo minne. Kwenye motokrosi cc za tustroku na za fostroku hazihesabiwi sawa. Katika kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, daraja la MX2 linaiweka tustroku ya cc 125 mstari mmoja na fostroku ya cc 250. Juu yake, MXGP, tustroku ya cc 250 inakutana na fostroku ya cc 450.

Sababu iko ndani ya silinda. Tustroku huwaka kila krenki inapozunguka mara moja. Fostroku huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, kwa kuwa inahitaji mzunguko mzima wa ziada kutoa moshi na kuvuta hewa mpya. Kwa hiyo fostroku ikaongezewa ukubwa.

Lakini hesabu haikukaa sawasawa, na hapa nasema wazi: kwenye cc 125 dhidi ya 250, tustroku imeonewa. Kuwaka mara mbili zaidi hakuleti nguvu mara mbili, maana sehemu ya petroli mbichi hutorokea kwenye ekzosi kabla haijaungua. Nguvu yake pia huja ghafla, injini ikishazunguka kasi sana, wakati fostroku inavuta tangu mzunguko wa chini, hata kwenye mchanga. Mwaka 1997 Mmarekani Doug Henry alishinda mbio za uwanjani za Las Vegas akiwa na Yamaha ya majaribio ya cc 400, fostroku, kati ya tustroku za cc 250. Mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la 250 wa mbio za nje, zisizo za uwanjani. Yamaha YZ250F, fostroku ya cc 250, ilipotoka mwaka 2001, zile 125 zikaanza kupotea kwenye mbio kubwa.

Hata hivyo, kwa mteja anayelipa kutoka mfukoni mwake, mimi bado naipenda tustroku. Haina valvu za hedi, ile milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, wala cheni ya taimingi ya kuziendesha. Pistoni, ringi, pini na gasketi ukiwa navyo mkononi, tunamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Fostroku ya mashindano inataka valvu zipimwe mara kwa mara, na valvu moja ikikatika inaweza kuondoka na hedi, pistoni na silinda kwa pamoja. Wanaokuja wakidhani itavumilia kama bodaboda huumia sana.

Ila silinda ya tustroku ya motokrosi nayo ina masharti. Nyingi zimepakwa utando mgumu ndani, hivyo hazichongwi na kuwekewa pistoni kubwa kama tunavyofanya kwa pikipiki za kawaida. Yule kijana anasubiri silinda nyingine.

Kipimo cha mchanganyiko fuata kitabu cha pikipiki yako. Kikisema 40 kwa 1, lita 5 za petroli zinapata mililita 125 za oili ya tustroku. Pima kwa chupa yenye alama, changanya kwenye galoni, tikisa, ndipo umimine.

Na kabla hujatoa hela, tuletee tuipime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, tuzikague valvu kama ni fostroku. Mwambie muuzaji asiiwashe asubuhi hiyo. Tunaitaka ikiwa baridi. Fostroku iliyochoka valvu inasumbua kuwaka ikiwa baridi, na ikishapashwa moto huficha ugonjwa wake.