Mawakili wasomi, tupeni hata saa mbili kwa wiki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, nina ombi kwa mawakili wa hapa kwetu Tanzania.

Kila mwaka mwishoni mwa Januari inakuja Wiki ya Sheria, mahema yanasimamishwa viwanjani, mawakili wanasikiliza wananchi bure, foleni inakuwa ndefu kweli, halafu Siku ya Sheria ikishapita mahema yanakunjwa na watu wanabaki na shida zao. Ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo imefika mikoani na imesaidia wengi, naipongeza toka moyoni. Lakini kesi haisubiri kampeni jamani. Ukifukuzwa kazi una siku 30 tu kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukishindwa mahakama ya mwanzo ni siku 30 hizo hizo kukata rufaa, na maskini wengi wanapoteza hapo, haki wanayo kabisa ila hawakuwa na mtu wa kuwaambia mapema.

Nendeni asubuhi nje ya mahakama ya mwanzo yoyote. Utamkuta mama kakaa kwenye benchi na bahasha ya kaki, ndani kuna cheti cha kifo cha mumewe, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mtendaji iliyokunjwa mpaka imeanza kuchanika, anahangaikia mirathi maana mashemeji wameshaanza kutafuta mteja wa shamba. Pembeni yupo kishoka na kalamu yake na mhuri sijui kautoa wapi, anamchaji hela ya unga wa watoto kwa karatasi ambayo karani ataikataa dirishani. Wakili wa kweli zile karatasi angezipitia nusu saa akamaliza. Kinachoniuma ndo hicho, kwamba kitu chepesi kwenu kwa huyu mama ni nyumba na shamba.

Au chukua wanawake wanaoachwa. Mpaka leo wapo wanaoambiwa hudai kitu, hukuwa na kazi, nyumba kajenga mume. Wakati Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango wa mke kwenye mali ya ndoa. Hukumu ina zaidi ya miaka 40 na mtu anaondoka na begi la nguo tu kwa sababu hakuna aliyemwambia!

Najua wapo wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua, na wanafanya kazi kubwa huko vijijini, wengine wanatembea kwa mguu kata nzima. Ila hawaruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani, wakifika mlangoni wanaishia hapo. Zamani mawakili nanyi mlikuwa hamruhusiwi mahakama ya mwanzo, sasa tangu sheria irekebishwe 2021 pale anapokaa hakimu mkazi mnaruhusiwa kusimama. Mlango umefunguliwa, kwa hiyo mje na kwa wasio na hela.

Sisemi mfanye kazi bure wiki nzima. Ofisi ina kodi, leseni inalipiwa, na wakili mchanga aliyetoka Shule ya Sheria kwa Vitendo naye ana njaa yake. Nasema saa mbili tu, za kusoma karatasi za mtu, kumwambia ukweli kama kesi ipo au haipo (hata kumwambia haipo ni msaada mkubwa, unamwokoa asiuze mbuzi kwa ajili ya nauli na vishoka), kumwandikia sababu za rufaa kabla muda haujaisha. Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamefanya hivi miaka mingi, lakini hawawezi kuwa kila wilaya.

Kwa hiyo naomba matawi ya TLS, chama chenu cha mawakili, huko mikoani yapange zamu, majina yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama, wiki hii fulani, wiki ijayo fulani. Muanze hata na mahakama moja ya mwanzo kwa kila wilaya, na iwe siku ya gulio, maana siku hiyo watu wa vijijini wanakuwa wameshalipa nauli ya kuja.

Msomaji wenu,
Morogoro