Paa la daraja si pambo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu daraja la mbao la Hartland, huko Kanada, imenilazimisha kushika kalamu. Mwandishi wenu anadai kwamba liliezekwa ili wasafiri wasinyeshewe na wapenzi wapate pa kujisitiri. Si kweli. Daraja hilo la mita 391 juu ya mto Saint John lilifunguliwa mwaka 1901 likiwa wazi kabisa. Barafu iliangusha sehemu yake mwaka 1920, na kazi ya kulifunika ikakamilika mwaka 1922. Paa ni kinga ya mbao zenyewe. Zikiachwa wazi hulowa na kukauka, maji hutuama kwenye viungo, na haipiti miaka ishirini zikawa zimeoza, ilhali zilizoezekwa hupita karne.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu sisi wa Lamu tuna wikio, chumba kinachovuka kichochoro kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ya pili, ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane bila kushuka njiani. Wikio lililounganisha nyumba ya bibi yangu na ya dada yake lilivuliwa dari na kontrakta aliyeahidi kulirudisha baada ya wiki mbili, akatoweka, na masika mawili yakazinyeshea boriti za mkoko zilizotangulia kuzaliwa kwetu sote. Nilipanda ngazi nikachoma boriti moja kwa kisu cha jikoni: katikati hakikuingia hata kidogo, lakini pale inapoingia ukutani kilizama hadi mpini, kikatoka na unga mweusi uliolowa. Ikabidi tulibomoe wenyewe kabla halijamwangukia mpita njia, na bibi, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha, hakumwona tena dada yake ila kwa kubebwa.

Na hao wanaopiga lipu ya saruji juu ya kuta za matumbawe na chokaa wanafanya kosa lile lile, kwani unyevu hukosa pa kutokea ukaishia kwenye ncha za boriti.

Naomba msahihishe makala hiyo, na kila mwaka, wiki ya kwanza ya Machi, kabla ya masika, mchapishe tangazo fupi: kila mwenye wikio amwage ndoo moja ya maji juu ya dari, kisha ashuke na tochi, akague kila ncha ya boriti.

Mkazi wa Mkomani,
Lamu