Alama zangu za vema zilikuwa za uongo

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la tano alirudi nyumbani na dodoso la kurasa tatu, amelikunja ndani ya daftari la sayansi. Wanachuo fulani walikuwa wamepita shuleni kwao wakitafiti jinsi wazazi wa hapa Mufindi tunavyowashirikisha watoto wetu katika shughuli za mazingira. Maelekezo yalikuwa mepesi. Mzazi asome kila sentensi, aweke alama ya vema kwenye jibu moja kati ya matano, kuanzia "sijawahi" hadi "kila mara", na mtoto arudishe karatasi kwa mwalimu wa darasa kesho yake. Sentensi zilikuwa 22. Nilizimaliza kabla uji haujapoa.

"Huwa napanda miti pamoja na mwanangu." Mara nyingi. "Huwa namweleza mwanangu umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji." Kila mara. "Huwa tunafanya usafi wa mazingira kama familia." Kila mara tena, maana nilishapata mwendo. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, siwezi kuona namba bila kuzijumlisha, kwa hiyo nilijumlisha: nimejipa 97 kati ya 110.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria mkononi. "Baba Neema, mara ya mwisho umekwenda naye kwenye miti lini?" Nikasema mwezi wa kwanza. Akauliza, "Mwezi wa kwanza wa mwaka gani?"

Nina ekari mbili za mipaini, kama walivyo nazo wafanyakazi wengi wa wilaya hii wanaowaza ada za watoto. Mwaka ule nilipanda kwa vibarua. Kijana wangu alikuja siku moja, akabeba viriba viwili vitatu vya miche, akaloa mvua, nikamrudisha kwa bodaboda. Huko ndiko "kupanda miti pamoja na mwanangu mara nyingi". Karatasi nilikuwa nimeshaisaini na ikaondoka hivyohivyo asubuhi.

Sikuandikii kuungama, Mhariri, ingawa naona nimeanza na ungamo. Ninachotaka kusema ni kwamba kipimo cha namna hii, kama kinavyotumika kwetu, kinapima jinsi mzazi anavyotaka kuonekana, na mtoto mwenyewe hapimwi kabisa. Karatasi imetoka kwa mwalimu, itarudi kwa mwalimu, imebebwa na mtoto anayejua kusoma. Nani ataweka "sijawahi" mbele ya macho hayo yote? Hata bila mwalimu, maneno yenyewe hayana ratili. "Mara nyingi" kwa mwenye duka pale Mafinga ni mara mbili kwa mwaka, kwa anayeishi jirani na mto ni kila asubuhi. Mmarekani Rensis Likert alipochapisha mtindo huu wa majibu ya ngazi mwaka 1932, alikuwa anapima mitazamo ya watu, yaani wanakubali au wanakataa kauli fulani. Kuuhamishia kwenye matendo ya shamba na bonde ni kumuuliza mtu anakula ugali kiasi gani halafu kumpa majibu ya "kiasi", "kiasi zaidi" na "sana".

Wanachuo wale watasema kompyuta itawalinda. Kuna hesabu inayopima kama maswali yanaelewana, mwanasaikolojia Lee Cronbach aliiandikia makala mwaka 1951 na tangu hapo tasnifu nyingi zenye madodoso zinaiweka. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini mtu aliyeamua kujipamba anaelewana na nafsi yake vizuri sana: ameweka "kila mara" kuanzia juu hadi chini. Wazazi mia moja wakiitikia kila sentensi kwa kadiri kila mmoja anavyopenda kusifiwa, hesabu ile itatoka juu na mtafiti atafurahi. Uongo uliopangika nao unaelewana.

Sasa niseme kuhusu sentensi zenyewe, maana hapo ndipo nilipokasirika nilipozisoma mara ya pili kwa utulivu. Moja ilisema, "Namzuia mwanangu kutumia mifuko ya plastiki." Ndugu zangu, mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019. Alama ya vema hapo ni ya serikali, mzazi ameidandia tu. Nyingine iliuliza kama tunatembelea hifadhi za taifa na watoto. Kitulo iko kule juu kwa wenzetu wa Makete, maua yake yamewafanya watu waiite Bustani ya Mungu, na Ruaha iko mkoani kwetu hapahapa. Lakini uliza nauli ya familia ya watu sita na gari la kuingia ndani. Swali hilo linapima pochi.

Halafu kuna yasiyoulizwa. Jirani yangu ni bibi anayelea wajukuu wanne. Mikoa yetu ya Njombe na Iringa imetajwa miaka nenda rudi kuwa inaongoza kwa maambukizi ya VVU, kwa hiyo nyumba ambamo bibi ndiye baba na mama si jambo la ajabu huku. Dodoso lilikuwa na nafasi ya "baba" na nafasi ya "mama", basi. Chini ya shamba la bibi huyu kuna chemchemi tunayochota wote. Zamani vinyungu vyake vilifika hadi kwenye maji, yaani vile vibustani vya bondeni tunavyolima mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Siku hizi amevirudisha nyuma, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo, na mahali alipoviondoa ameacha mivengi, miti yetu ya penye maji, ijiotee. Mjukuu wake wa miaka saba anajua kwamba mvengi haukatwi hata tawi la kuni. Anajua ndoo yenye sabuni haisogezwi pale, na majani yaliyoanguka kwenye maji yanaondolewa kwa mkono, hayavurugwi kwa mti. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akanishangaa kama nimemuuliza nani kamfundisha kutembea.

Mpe bibi yule dodoso. "Huwa nazungumza na mwanangu kuhusu mabadiliko ya tabianchi." Sijawahi. "Huwa tunaangalia pamoja vipindi vya wanyamapori." Umeme umefika kwake, televisheni haijafika. "Tunatenganisha taka kwenye vyombo maalumu." Taka gani? Maganda anakula nguruwe, majivu yanakwenda kwenye mboga. Atapata 40 kati ya 110, na mimi mwenye 97 nitaandikwa kuwa mzazi wa mfano.

Upande wa pili wa bonde hilohilo kuna baba aliyepanda milingoti, yaani mikaratusi, hadi kwenye tope la mto. Ilichimbiwa mashimo na wanawe wawili, Jumamosi tatu mfululizo. Kila mkulima huku anajua mlingoti unavyokunywa maji. Na maji yetu hayaishii kwetu: vijito vya Mufindi vinaingia Ruaha Mdogo, unaopita Iringa mjini, nao unakwenda kujiunga na Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu wenyewe, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kabla hata ya kufika kwenye makutano hayo. Sasa kwenye sentensi ya kupanda miti pamoja na watoto, baba huyu anastahili tano kamili, tena bila uongo hata kidogo. Amewashirikisha kwelikweli. Amewashirikisha katika kukausha mto.

Ndiyo maana naona neno lenyewe "kushirikisha" limepewa mzigo bila kupimwa uzito wake. Huku kwetu mtoto anatumwa. Anachota maji, anaokota kuni, anajaza udongo kwenye viriba, anafyeka barabara ya moto, ile njia ya kuzuia moto usivuke, pembezoni mwa shamba kabla ya kiangazi kukaza. Ukihesabu kazi, watoto wetu watawashinda watoto wa dunia nzima. Lakini kutumwa na kushirikishwa ni vitu viwili. Aliyeshirikishwa anaweza kukueleza kwa nini. Mwanangu alibeba viriba vyangu na hakuna nilichomwambia zaidi ya "usivibonyeze". Mjukuu wa bibi hajabeba kiriba hata kimoja.

Wapo watakaouliza kama yote haya yana maana, mtoto wa miaka saba na mvengi wake. Gary Evans wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake waliwafuatilia watoto 118 tangu wakiwa na miaka 6 hadi 18, wakachapisha mwaka 2018. Waliokuja kuonyesha matendo mema zaidi kwa mazingira ujanani walikuwa wale waliokaa nje zaidi utotoni, na wale ambao mama zao walikuwa na msimamo wa kuyajali mazingira. Ni watoto wachache, tena wa kule, wala sidai kwamba kila kitu ni hivyohivyo Mufindi. Nachosifu ni subira: miaka 12, wakarudi kwa watoto walewale. Sisi tunapelekewa karatasi jioni, inachukuliwa asubuhi.

Basi wafanyeje? Mimi si mtafiti, lakini nimeona njia nyingine ikitumika hapahapa nchini. Katika tafiti za kitaifa za afya, mama haulizwi kama huwa anamlisha mtoto vizuri. Anaulizwa jana, mchana na usiku, mtoto alikula nini, na anatajiwa vyakula kimoja kimoja. Jana ni ngumu kuipamba. Wangeniuliza, "Wiki iliyopita wewe na mwanao mlifanya nini shambani au mtoni, siku gani, mkakaa muda gani?" ningekaa kimya, na kimya hicho kingekuwa takwimu sahihi. Na waulize mara mbili kwa mwaka. Anayeuliza habari za kupanda miti mwezi wa nane atapata kumbukumbu, na anayeuliza habari za moto mwezi wa pili, wakati kila kitu kimelowa, atapata ahadi.

Habari za moto zinahitaji akili zaidi. Hakuna mzazi atakayeandika kwamba huwa anachoma majani kusafisha shamba na mwanawe akiwa pembeni, hasa katika wilaya yenye shamba la miti la Sao Hill, ambako moto kichaa ni kesi. Wala nisingependa mtoto aitwe kando kumsema baba yake. Barabara ya moto inaonekana kwa macho. Mtafiti aende aione, amwombe mtoto amweleze kwa nini imefyekwa upande huu na si ule.

Mtoto aulizwe, narudia, tena aulizwe akiwa amesimama bondeni. Chemchemi hii inatoka wapi? Mti huu unaitwaje nyumbani kwenu? Upi hukati, na nani alikwambia? Maswali manne matano ya hivyo, mbele ya maji yenyewe, yatamtenganisha mwanangu na mjukuu wa jirani kuliko sentensi 22 za kujisifu. Yatachukua muda na mafuta ya pikipiki, najua, na wanachuo hawana fedha. Basi wachukue nyumba 30 badala ya 300.

Nimalizie na karatasi yangu. Alhamisi ya wiki ile nilipitia shuleni kwa mwanangu, nimeazimia kuomba dodoso langu nilisahihishe. Mwalimu wa darasa alivuta droo, akanionyesha ilivyo tupu. "Zimeshachukuliwa jana, mwalimu." Akaniuliza kama kulikuwa na tatizo.

Nikamwambia kuna swali moja nililiruka.

Mzazi na mwalimu,
Mafinga, Mufindi