Wale wa kwenye majani

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza baba unamuombeaje mtu hata jina humjui, ukacheka, na mi nikakosa jibu maana salio lilikuwa linakata na mama yako keshanyoosha mkono anaitaka simu. Sasa ngoja nikuandikie.

Si unakumbuka nilivyokuwa naendesha semi Dar–Tunduma? Njia ile ukikuta majani yametupwa barabarani, matawi mabichi, jua mbele kuna gari imekufa au kuna ajali. Usiku mmoja napanda mlima Kitonga kule Iringa nayakuta majani, kona ya pili lori limelala ubavu, watu wanapunga tochi za simu, mi sikusimama. Tajiri mwenye gari kapiga simu tangu Mikumi, foleni ya mpakani Tunduma inanisubiri, na kusema ukweli niliogopa pia. Tingo, yule msaidizi wangu wa kwenye gari, aliniangalia tu hakusema kitu. Tumefika Mafinga nimeagiza chai, haishuki.

Ndo ilipoanzia. Sina dua spesho, nasema tu Ya Allah huyu unamjua Wewe, msahilishie. Tangu siku hiyo nikiona majani namuombea aliyeko mbele, halafu narudi kwa yule wa Kitonga, sijui hata kama alipona.

Na wala si kitu cha ajabu hivyo, mbona jeneza unaliswalia? Imamu anasema jeneza la mwanaume, basi, hamna jina, unasimama takbira nne, hamna rukuu hamna sijida, dakika tano haziishi, unamuombea mtu yuko ndani ya sanda hujui wa mtaa gani. Na dua yenyewe inataja walio hai wetu na waliokufa, waliopo na wasiokuwepo. Hao wasiokuwepo unawajua wote?

Kuna ile hadithi ya Abu Dardaa, swahaba wa Mtume, iko kwenye kitabu cha Sahihi Muslim, ukimuombea ndugu yako hayupo malaika anaitikia amin, nawe upate mfano wake. Ila usije ukaigeuza dili, unamuombea mtu gari ili na wewe upate, nakujua wewe.

Ukipanda daladala anza na mmoja tu, yule aliyesinzia kichwa kinagonga kioo. Usifumbe macho, watakuibia simu.

Jana usiku ambulensi imepita hapa mtaani inalia, nikaanza kumuombea aliyemo, usingizi ukanichukua katikati. Nimeamka alfajiri nikamalizia.

Baba yako